Kipa Ana Jina

Mwanangu, kabla hujashika hiyo maiki, kaa kwanza. Kuna mechi moja naikumbuka, pale Bugarama, miaka ya wakimbizi, Ngara imejaa watu mpaka vilimani na kila mtu kambini anamtafuta mtu wake.

Mimi nilikuwa kijana wa mdomo. Kutangaza mpira sikufundishwa. Niliigiza redio nikichunga mbuzi. Siku hiyo tunacheza na timu ya kambini, nina kipaza sauti cha kuazima parokiani. Na Bugarama ndiyo damu yangu, bwana! Wachezaji wetu niliwasifu kama ng'ombe wa mahari: "Bahati, pembe ndefu, mpisheni!" Wale wengine? "Mkimbizi kampa mkimbizi, mkimbizi kapoteza!" Watu hoi kwa kucheka.

Mzee mmoja wa kambini akanijia na fimbo ya kuchungia, ng'ombe hana hata mmoja.

"Wewe mwenye mdomo! Hao wote mama zao waliwaita Mkimbizi?"

Nikawaka, hata shikamoo sikumpa. "Mzee, mimi natangazia Bugarama!"

"Tangaza. Lakini humu kuna watu wanatafuta ndugu zao. Wakisikia 'mkimbizi', watamjua nani?"

"Haya, nitajie!" nikafoka. Akawa ananitajia, nami napaza, jina la mtu na la baba yake. Nikafika kwa kipa: "Golini yupo Minani, mwana wa Barutwa!"

Mama mmoja, mkimbizi aliyehifadhiwa na watu kule Nyakahura, alikuwa pembeni anauza ndizi. Akatupa sinia, akaingia uwanjani mbio. "Minani! Mdogo wangu!" Kipa akaacha goli, wakakumbatiana wakilia.

Na mpira uko kwa Bahati wetu, goli tupu! Bugarama nzima: "Piga!" Bahati akawatazama wale wawili, akaupiga nje makusudi.

Ee mwanangu, nikalipaza tena jina la kipa na la baba yao, na uwanja mzima, wetu na wao, ukaitikia. Baadaye Bahati akafunga kwa kichwa, tukashinda, na usidhani nilitangaza kwa upole!

Nimetangaza tangu hapo, Biharamulo, kisha redioni, mpaka sauti imekwaruza. Ninachokuachia ni hiki: ipende timu yako koo likauke. Ila mpinzani wako mtaje kwa jina, na umuulize kabla ya filimbi.

Haya, nenda. Mungu akupe sauti isiyochoka, na siku ukipotea, akuwekee mtu wa kukutaja.