Salamu Zilizokula Muda Wangu Hewani

Redio yangu inakaa juu ya kabati la vyombo. Nimeifunga waya wa shaba unaopanda hadi juu ya bati, mrefu kiasi kwamba ukiufuata vizuri utatokea Kigoma. Nikipunguza chumvi, unaishia kwenye mpera wa jirani. Kila Jumapili saa mbili asubuhi naiwasha kusikiliza kipindi cha mambo ya wiki cha redio ya taifa. Natenga vikombe viwili vya chai, halafu nakunywa vyote viwili.

Kipindi chenyewe hakina maajabu. Mtangazaji ni mwanamume mwenye sauti nzito ya upole, sauti ya mtu aliyekula akashiba lakini hajavimbiwa. Anakaa studio huko Dar es Salaam na wageni wawili watatu, wanachambua yaliyotokea tangu Jumatatu: bei ya tumbaku, mswada bungeni, mafuriko, vita vya nchi za watu. Kisha wasikilizaji wanapiga simu. Kila mmoja anaambiwa, "Punguza sauti ya redio yako, ndugu yangu," na hakuna anayepunguza.

Desturi ya nyumba yetu aliianzisha marehemu mke wangu. Mtangazaji akifungua kipindi kwa kusema, "Habari za asubuhi, popote ulipo," mke wangu alikuwa anaweka kisu chini, anaacha viazi vyake, anaitikia, "Nzuri, za huko?" Nilimwambia redio haisikii.

"Kutosikia ni kwake," akasema. "Kuitikia ni kwangu."

Alipofariki, binti yetu wa pekee alikuwa darasa la nne. Jumapili ya kwanza baada ya matanga, mtangazaji alisalimia na nyumba ikakaa kimya. Halafu yule mtoto akaitikia, kwa sauti ileile ya mama yake, "Nzuri, za huko?" Nikatoka uani kuangalia kuku. Hatukuwa na kuku.

Tangu hapo Jumapili ikawa ya watu wawili. Chai tuliitia asali ya Usinge, tukala matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu, pamoja na karanga za kukaanga. Binti alikuwa hakimu wa wageni wa studio. "Huyo anazunguka, baba. Kaulizwa maji, anajibu barabara." Mimi nilikuwa upande wa mtangazaji siku zote. Nilimwigiza mpaka nikammaliza: namna anavyovuta pumzi kabla ya swali gumu, namna anavyosema "kulikoni" kama anafungua mfuniko wa sufuria. Binti alicheka mpaka akakabwa na karanga. Nadhani ndipo nilipoharibika. Mtu akichekewa sana nyumbani huanza kuamini dunia nzima inamsubiri.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, kwenye baraza la duka la vitambaa la rafiki yangu, ambaye wazee wake walikuja na misafara kutoka Omani wakasahau kurudi. Shule niliiachia darasa la saba. Mvi za kwanza zilipotoka nikajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, Gongoni, katika darasa la shule ya msingi. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, dereva wa lori karibu na mama muuza dagaa, na mbele yetu ukutani picha ya ng'ombe imeandikwa "ng'ombe". Nilisoma miaka mia. Nikisema kweli, minne.

Hisabati ilinikataa. Aliyenifundisha ni binti yangu, aliyekuwa kidato cha nne wakati huo. Kila nikirudi alisogeza vitabu vyake pembeni, akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akachora pembetatu juu ya meza. "Baba, hii ni suruali tu. Ukijua kiuno na urefu, upande wa tatu unaupata." Nikaelewa. Vitabu vyake vikabaki pembeni. Hilo nililiona kila siku kwa macho mawili, na sikuliwaza hata mara moja.

Tulifanya mtihani mwaka mmoja, yeye shuleni kwake na mimi kama mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo yakatoka siku moja. Mimi nilipita. Yeye alifeli.

Nilitakiwa nikae kimya. Badala yake nikachinja mbuzi. Nikapikisha pilau, nikaleta spika mbili kubwa na kipaza sauti, na mtaa ukajaa. Nilikuwa naongea tangu mchana, nikasema nimeongoza mkoa, baadaye kanda nzima, mpaka pilau inapakuliwa nikawa nimeongoza Afrika Mashariki. Watu wakaniomba sauti ya mtangazaji, nikawapa. Nikajihoji mwenyewe, nikajijibu, watu wakashika mbavu. Ndipo binti akapita na sinia la glasi. Nikamnyooshea kipaza sauti, nikavuta pumzi kama yule bwana wa redio.

"Na sasa tuko na mgeni wetu wa studio. Baba mwenye miwani amepita, mwana mwenye macho mapya ameanguka. Mgeni wetu, tueleze. Kulikoni?"

Walicheka wote. Yeye aliweka sinia chini taratibu, glasi hata moja haikulia, akaingia ndani. Wiki haikuisha akapanda treni kwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake. Kituoni hakukubali nimbebee begi.

Namba yake nilipewa na dada yangu, huyo shangazi. Nikipiga, inaita mpaka inachoka. Nikiandika, ujumbe unafika na haurudi na kitu. Masika yakapita, kiangazi kikapita, masika mengine yakaja. Watu hawaamini fundi mchangamfu anaweza kukaa nyumba yenye ukimya wa namna ile. Mchana barazani nilikuwa nasema maneno ya watu kumi. Jioni nikifunga mlango, neno la mwisho lilikuwa la mlango.

Siku moja dada akaniambia kwenye simu, "Huyu mtoto wako Jumapili asubuhi hataki kusemeshwa. Ana kiredio chake, anasikiliza kile kipindi chenu. Halafu anajibizana nacho."

"Anaitikia salamu?"

"Kila wiki. Nilidhani ana homa."

Basi nikajua la kufanya. Aibu nilimpa mbele ya watu, kwa kipaza sauti, kwa sauti ya mtangazaji. Msamaha wa ujumbe mfupi ungekuwa wizi. Nilitakiwa kuuomba kwa kipaza sauti kikubwa kuliko kile, akiwa anasikiliza.

Nilipiga simu studio kila Jumapili, nikakuta laini imejaa. Nikasema barazani nimepiga mara elfu moja, na safari hii sikuwa mbali sana na ukweli. Usiku na mchana wa wiki nilikuwa narekebisha maneno nyuma ya karatasi ya kukatia gauni. Yalianza kurasa tatu, yakaishia mistari minne: mimi ni baba, binti yangu ndiye aliyenifundisha, nilimcheka mbele za watu, naomba anisamehe. Rafiki yangu mwenye duka aliisoma akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Fundi, hii ni nzuri. Isome hivyohivyo. Usiongeze hata mkono wa shati."

Ikafika Jumapili ambayo mada ilikuwa matokeo ya mitihani. Nilikuwa nyumbani, rafiki yangu kaja kushuhudia, redio tumeizima kabisa ili tusiambiwe tupunguze. Simu ikaita mara mbili. Kijana wa studio akapokea, akasema nisubiri, na mara ile sauti ikaingia sikioni mwangu nzima nzima, bila waya wala bati.

"Haloo, tupo hewani. Nani mwenzetu, na unatupigia kutoka wapi?"

"Fundi cherehani, Ng'ambo, Tabora."

"Karibu sana, mzee wangu. Habari za Tabora?"

Hapa inabidi nieleze jambo. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi katika njia ya misafara. Wapagazi walibeba pembe kwenda na nguo kurudi, lakini mzigo wao mwingine ulikuwa salamu. Inasemekana alichukua salamu za vijiji arobaini kutoka huku kwetu Unyanyembe hadi pwani, akarudisha majibu yote bila kudondosha hata moja. Hiyo chumvi ni ya babu, mimi nimeipokea tu. Ila kwetu ni kweli kwamba mtu haanzi na shida yake. Kwanza unapita katika nyumba ya mwenzio, chumba kwa chumba, ndipo unakaa. Na huyu alikuwa mtu aliyenisalimia kila wiki kwa karibu miaka ishirini. Leo kwa mara ya kwanza ananisikia nikimjibu.

"Habari ni njema," nikasema. "Za huko? Umeamkaje?"

"Salama kabisa. Tuambie, mzee wangu."

"Usingizi ulikuja?"

"Ulikuja, nashukuru. Mada yetu leo—"

"Mama watoto hajambo? Na watoto?"

"Hawajambo wote."

"Wazee wako hai?"

"Mama yupo."

"Mungu amtunze. Anaendeleaje na miguu? Maana watu wazima ni miguu."

Rafiki yangu alikuwa ananipiga goti kwa karatasi. Nilimwona. Niliiona na mistari yangu minne. Lakini ulimi ulikuwa umeshika njia ya babu na haukujua kona ya kutokea.

"Miguu inamsumbua kidogo," akasema mtangazaji, na nikasikia sauti yake imeshuka, haikuwa ya redio tena. "Nashukuru kwa kumuuliza."

"Pole yake. Na mvua huko zimenyesha?"

"Bado, mzee wangu. Sasa kwa ufupi kabisa, sekunde kumi."

"Sisi pia bado. Mashamba yanasubiri. Sasa, nilichopigia—"

"Muda hauko upande wetu, mzee wangu, taarifa ya habari inatuita. Asante sana, salamu kwa Tabora."

Simu ikakatika. Tuliketi tunatazama redio iliyozimwa.

"Fundi," rafiki yangu akasema, "umebakiza paka wao tu."

Wiki ile Ng'ambo haikulala. Mteja akileta suruali ananiuliza kwanza miguu ya mama yake mtangazaji. Muuza kahawa alinisalimu chumba kwa chumba mpaka kahawa ikapoa. Nikacheka nao, nikaongezea: nikasema studio wamenipigia kuniomba nikafundishe watangazaji adabu. Jioni nikarudi, nikaiweka karatasi juu ya meza ambayo bado ina alama za chaki kwenye ufa wa mbao, nikaisoma kwa sauti. Nyumba ilinisikiliza kwa heshima zote.

Jumapili iliyofuata sikutaka hata kuiwasha. Niliiwasha kwa mazoea ya mkono. Vikombe viwili, matobolwa, saa mbili.

"Habari za asubuhi, popote ulipo," akasema. Akavuta pumzi. "Na fundi wetu wa Tabora, kama unanisikia: mvua imenyesha, na mama ameweza kutoka nje. Anakusalimu."

Nikafungua kinywa nimwitikie, hakikutoka kitu. Tangu binti aondoke nilikuwa naitikia mwenyewe; ndiyo mara pekee, tangu mke wangu, salamu ile kupita nyumbani kwetu bila jibu. Nilikuwa bado nimekaa hivyo, mgeni wa kwanza ameshaanza kuzunguka na swali lake, simu ilipotikisika mezani. Namba ilikuwa ya binti yangu.

"Nimemwitikia. Baba, wiki iliyopita ulisahau kuuliza mifugo."

Nilisoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali kusema, na safari hii naogopa kutaja idadi kwa sababu ningeitaja ndogo. Halafu nikaandika yote: mistari yangu minne, na mingine arobaini. Nilisahau wizi na kipaza sauti, nikaandika tu mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Nikatuma. Kipindi kikaisha, taarifa ya habari ikaisha, ikaja taarabu, ikaisha nayo. Karibu na adhuhuri akajibu.

"Hilo utaniambia nikija. Mbele ya watu walewale."

Hakusema atakuja lini. Niliuliza mara moja, hakujibu, sikurudia. Sasa kila Jumapili, dakika mbili baada ya saa mbili, linakuja neno moja: "Nimeitikia." Ninamjibu, "Na mimi." Hapo tumemaliza mpaka wiki nyingine. Zipo Jumapili mtandao unagoma na neno linachelewa hadi jioni, na siku hizo sishoni nguo ya mtu, maana nitaikata vibaya.

Majirani nimeshawaambia wote: siku treni itakapomleta, wale waliokula pilau siku ile waje tena, na wasichelewe. Spika nimeshaulizia. Karatasi ipo kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Jioni nikifunga mlango naitoa, nasimama mahali alipoweka sinia, najizoeza kusema ile mistari minne bila kumuuliza mtu kwanza ameamkaje. Mpaka sasa sijaweza.