Waya Chini ya Usukani

Kila mara lori la mume wa Pulchérie liliporudi mjini Baraka kutoka Lulimba, fundi hakuanza na salamu. Alipenyeza mkono chini ya usukani, taratibu, kama anayepapasa paji la mtoto mgonjwa, akatafuta waya wa kufyatulia chupa ya kuzimia moto. Chupa hiyo aliing'oa kwenye gari bovu la mashindano, na bomba zake akazielekeza kwenye injini, vilevile alivyozikuta. Vidole vyake vyeusi vya grisi vikishaugusa waya, alikohoa na kusema, "Iko." Ndipo alipopokea chai ya Pulchérie.

Siku lori lilipokokotwa likiwa nusu mkaa, bila mumewe aliyeliendesha, Pulchérie aliuona mkono uleule ukipenya. Waya ulikuwa umevutwa. Fundi akafunua boneti: injini nzima, imefunikwa unga mweupe wa ile chupa. Nyuma, walikoketi abiria, ambako watu wenye bunduki waliolivizia njiani walimwaga petroli, hapakubaki hata ubao.

"Alivuta, papa?" Pulchérie alimuuliza fundi.

"Alivuta, mama." Aliupangusa unga juu ya injini kwa kiganja, akarudia kuupangusa. "Ni mi niliangalishaka bomba ku moteri. Lakini moto ya huku haitokake ku moteri."