Kipande cha Mwisho cha Popi

Saa moja kasoro robo asubuhi, Javan Wasike anainama juu ya mashine yake na kupuliza. Anapuliza polepole, mdomo wazi, kama mtu anayepasha vidole moto. Mbele yake kuna kibonge cha nta nyeupe, na ndani ya nta kipande cha uvimbe wa mbwa kilichobaki chembamba kama ukucha.

"Nta ikiwa baridi sana inavunjika," anasema bila kuinua kichwa. "Lazima uipe pumzi kidogo."

Anazungusha mkono wa mashine. Utando mwembamba, mwepesi kuliko ngozi ya kitunguu, unateleza juu ya maji ya uvuguvugu naye anaupokea kwa kioo. Anafanya hivyo mara tatu. Mara ya nne wembe unakwaruza plastiki iliyoshikilia nta.

"Basi," anasema. "Popi ameisha."

Vioo viwili anavipanga kwenye trei. Cha tatu anakifunga kwa karatasi laini na kukitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Halafu anajifanya kupangusa meza ambayo tayari ni safi.

Bw Wasike, 46, mkazi wa Yamumbi, ni fundi katika maabara ndogo ya kibinafsi ya mifugo mjini Eldoret. Kazi yake ni moja ambayo wengi hawajui kama ipo: kutafuta protini katika uvimbe wa matiti ya mbwa.

Wenye mbwa wanataka kujua jambo moja tu, iwapo uvimbe utarudi. Jibu limo ndani ya seli. Kuna protini ambayo huonekana seli zinapozaana. Bw Wasike anavichemsha vioo katika sufuria ya presha, ile ile ya kupikia maharagwe nyumbani, anavidondoshea dawa, na penye protini hiyo panageuka kahawia. Kahawia kidogo, mbwa ana nafasi. Kahawia tele, mwenye mbwa aandaliwe.

Lakini dawa inaweza kuwa imeharibika. Ndiyo maana kila mbwa anayepimwa huwekwa pamoja na kipande cha mbwa mwingine ambaye jibu lake linajulikana. Hicho kikigeuka kahawia, fundi anajua dawa inafanya kazi. Kisipogeuka, majibu yote ya siku hiyo ni ya kutupwa.

Kwa miaka minne, kipande hicho cha kupimia wengine kimekuwa cha Popi. Kimepima mbwa 212.

Na Popi, jamani, alikuwa mbwa wa Bw Wasike mwenyewe.

"Alikuwa wa Naliaka, kusema kweli," anajirekebisha. Naliaka ni bintiye, wakati huo akiwa na miaka kumi na moja. "Mimi nilikuwa namrushia ugali tu. Mbwa wetu huku analala langoni, anabweka, anakula makombo. Nani anampapasa mbwa tumbo?"

Naliaka alimpapasa. Jioni moja, Popi akiwa amezaa majuzi, mtoto alimfuata baba kwenye kochi. "Baba, Popi ana kitu kama haragwe hapa chini." Baba, aliyekuwa ametoka kazini kupasua uvimbe wa mbwa wa watu kutwa nzima, hakutoa macho kwenye televisheni.

"Nilimwambia, 'Hizo ni chuchu, mama. Ana maziwa.' Hivyo tu. Sikuinuka."

Miezi saba baadaye haragwe lilikuwa limekuwa yai, na yai limepasuka. Popi alifanyiwa upasuaji, akafa siku ya tisa. Bw Wasike alikata uvimbe huo kwa mikono yake. Chini ya hadubini ulikuwa kahawia ukingo hadi ukingo.

Dkt Kipyego, mkuu wa maabara, alikuwa akitafuta kipande cha kupimia kisicho na shaka. Alitazama, akamshika fundi wake bega, akasema hajawahi kuona kilicho wazi kama hicho. Kilichomuua Popi ndicho kilichomfanya awe kipimo bora.

Siku walipomzika nyuma ya nyumba, Naliaka aliuliza swali moja. "Baba, kama ungemleta ile siku nilikuambia, angepona?"

"Nikamwambia hapana. Nikamwambia ugonjwa wake ulikuwa wa kufa tu." Bw Wasike anavua miwani, anaifuta kwa koti. "Uvimbe wa haragwe, mimi najua! Wengi wakiondolewa mapema wanaishi. Nimewaambia wenye mbwa hivyo kila wiki. Mtoto wangu nikamdanganya, kisha nikaendelea kumkata Popi wake kila wiki bila yeye kujua."

Sasa Naliaka ana miaka kumi na mitano, yuko shule ya bweni upande wa Turbo. Jumamosi ni siku ya wazazi. Kioo kilicho mfukoni ni chake. Baba amepanga kumpa na kumwambia ukweli. Anaomba habari hii isichapishwe kabla ya hapo. "Asinisome gazetini kabla hajanisikia."

Mchana huo mlango unafunguliwa. Mama Chelimo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka eneo la Ziwa, ameleta chupa ndogo ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Ndani yake, uvimbe uliotolewa jana kwa mbwa wake.

"Huyu hulala karibu nami nikikamua," anasema mama huyo. "Akageuka tumbo, nikaona kitu. Kidogo tu, kama haragwe. Daktari anangoja mniambie kama atakata safu yote ya chuchu ama amwache."

Bw Wasike anaipokea chupa kwa mikono miwili.

Kipande kipya cha kupimia kingali katika majaribio. Kitakuwa tayari baada ya wiki tatu. Dkt Kipyego anatoa kichwa ofisini. "Wasike, hakuna hata kimoja cha Popi kimebaki? Huyu wa Ziwa tungempima Jumatatu."

"Vile viwili vya asubuhi vina mbwa wao tayari, daktari. Vimeisha."

Mkono wake uko juu ya mfuko wa shati. Mama Chelimo anaambiwa angoje wiki tatu. Anashukuru, anajitanda leso na kutoka.

Jumatatu, mwandishi anamkuta amefika kabla ya mfagiaji. Macho ni mekundu. Anasimulia akiwa amesimama.

Walikaa kwenye nyasi za shule, chapati za mama yake Naliaka zikiwa katikati yao. Alimwambia yote, tangu kochi hadi kibonge cha nta. "Hakuzigusa chapati. Alilia vibaya sana, mpaka mzazi wa pembeni akauliza kama kuna msiba. Akaniambia, 'Nilikuwa nakuambia ukweli, Baba. Miaka yote nimefikiri ni mimi sikusema vizuri.'"

Fundi anageukia dirisha, anakohoa, anarudi.

Alimpa kioo. Naliaka alikiinua kwenye jua, akaona doa jeupe, hafifu. Akauliza kama bado kinaweza kufanya kazi. Baba hakuwa na nguvu ya uongo wa tatu. Alisema ndiyo, na akamweleza kuhusu mbwa wa Ziwa.

"Akakifunga tena kwenye karatasi, akanirudishia. 'Sasa mbona umeniletea mimi?' Akainuka, akaenda darasani. Hakuniaga."

Kioo kimewekwa kwenye trei, kando ya cha mbwa wa Ziwa. Dkt Kipyego amekwishaambiwa. Aliwasha jiko mwenyewe. Sufuria ya presha inapiga mluzi.

Saa nane mchana majibu yanatoka. Popi, mara ya mwisho, ni kahawia ukingo hadi ukingo. Mbwa wa Mama Chelimo ana vidoa vichache tu, vya kuhesabika. Hakatwi tena.

Bw Wasike anasoma ujumbe uliotumwa kutoka simu ya matroni wa shule, mstari mmoja, anaousoma mara mbili kwa sauti. Naliaka anauliza yule mbwa wa Ziwa amekuwaje, na kama likizo wanaweza kwenda kumwona.

"Hajasema anataka kuniona mimi," anasema, akivua glavu. "Nitampeleka. Nitakaa nje ya boma, yeye aingie ampapase."