Wifi Asikiaye kwa Macho

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anasikia kwa macho. Si uganga, wala sitii chumvi. Aliingia kiwanda cha nguo akiwa msichana, akatoka na mvi, na muda wote huo alisimama katikati ya mashine za kufuma zinazopiga kelele kama mabati yanayoburutwa juu ya mabati. Mle ndani hata mtu azae, mtoto hasikiki. Kwa hiyo wanawake wa mle walijifunza kusomana midomo. Mmoja yuko mashine ya mlangoni, mwingine ya dirishani, wanapiga soga kutwa bila sauti, na msimamizi anapita katikati yao akidhani wanatafuna.

Na walikuwa na adabu yao. Neno likishatoka mdomoni ni la chumba kizima. Ukimwona mwenzio kule ng'ambo anasema mtoto ana homa, hata kama hakukuambia wewe, unampa pole. Ukiona ukanyamaza, wewe ndiye una roho mbaya, na saa ya kula mchana watakuachia benchi lote ukae peke yako.

Kiwanda kikafungwa. Mashine zikauzwa vyuma chakavu, watu wakatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Wifi akaja kwetu, chumba cha uani, na nguo zake na masikio yaliyokufa nusu. Ndoa ilishavunjika zamani, mtoto hakujaliwa. Shoga yake wa mashine ya jirani, ambaye walizeeka pamoja, alichukuliwa na binti yake akapelekwa mbali. Wakawa wanapigiana simu, na simu zenyewe za batani, hazina cha kuonana sura. Nyumba nzima tunasikia:

"Hujambo?"

"Eti?"

"Nasema, hujambo!"

"Nani kafa?"

Mume wangu akasema, "Hawa bora kila mmoja apande juu ya paa lake, watasikilizana vizuri zaidi." Tulicheka. Kisha simu zikapungua, zikakoma, na cha kucheka kikaisha.

Siku moja tunamenya vitunguu, wifi akaniambia, "Mimi nataka mtu."

"Mume?"

"Mume wa nini? Nimpeleke wapi? Nataka mtu wa kuniuliza jana nilifanya nini."

"Si nitakuuliza mimi."

"Wewe jana tulikuwa wote." Akafuta macho kwa mkono wa gauni. Vitunguu, labda. "Halafu wewe ni ndugu. Ndugu unapewa tu, kama pua. Nataka wa kunichagua."

Jumamosi nikampeleka kwenye kikundi chetu.

Kikundi chenyewe ni wanawake wa mtaani, tunakutana alasiri sebuleni kwa Nesi kudarizi mashuka na foronya. Nesi ni mstaafu, na sauti yake ya wodini hajaiacha, anaongea chini chini kama mgonjwa kalala chumba cha pili. Kuna Mama Duka, ambaye kila habari ya mtaa huu hupumzika kwenye kaunta yake kabla ya kuendelea na safari. Na kuna Bi Kicheko. Huyo jina lake linatosha.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaogopa. Wifi alikaa karibu na mlango, uzi mapajani, macho yanaruka uso hadi uso. Bi Kicheko akaanza kisa cha mkwe wake aliyemfungia bafuni bila kujua, na kabla hajamaliza, wifi ameshaangua kicheko.

"Aa, huyu sasa!" Bi Kicheko akasema. "Huyu ndiye mtu! Nyinyi wengine mnacheka kama mnasubiri kibali." Akanyanyua kiti chake akakiweka ubavuni kwa wifi, na Jumamosi zilizofuata kikawa pale pale.

Ikawa Ijumaa wifi anapiga pasi gauni. Jumapili anatuletea hadithi mezani: Bi Kicheko kasema hivi, Bi Kicheko kaniuliza vile. Mume wangu akaomba afunguliwe redio apumzike. Mimi nikamwambia akae kimya, dada yake amepata mtu.

Ikafika ile siku. Nesi alikuwa na uso mzito tangu tumeingia. Katikati ya mazungumzo akainuka, akamvuta Mama Duka dirishani, mwisho kabisa wa sebule, wakasimama wananong'ona. Mama Duka katupa mgongo. Nesi katugeukia sisi, mwanga wote umemwangukia usoni, machozi yanamlengalenga. Mimi sikusikia hata herufi. Ila niliona sindano ya wifi imesimama hewani, na kabla sijamshika mkono, akalipuka kwa sauti ile ile ya kiwandani:

"Pole, Nesi! Usilie! Binti akirudishwa na mumewe si mwisho wa dunia! Mimi nilirudishwa, na mpaka leo napumua!"

Jirani aliyekuwa akifua upande wa pili wa ukuta alisimamisha mikono, tulisikia maji yametulia. Mtama ulishamwagwa, na kuku walikuwa wengi.

"Nani kakuambia?" Nesi akauliza.

"Umesema wewe, sasa hivi," wifi akajibu. Alikuwa anamtazama kwa huruma yote ya duniani. Alikuwa anangoja ashukuriwe.

"Alikuwa kule mlangoni!" Mama Duka akaropoka. "Huyu ananong'onezwa na nani?"

Basi nikaeleza. Nikaeleza kiwanda, mashine, midomo. Nilidhani nazima moto, kumbe namimina mafuta. Niliona kila mmoja anarudi nyuma kichwani, anachambua aliyoyasema kwenye kona ya sebule ile tangu wifi aanze kuja. Mkono mmoja ukaenda mdomoni, wa pili ukafuata. Mwishowe sebule nzima ikawa kama foleni ya kung'oa meno. Bi Kicheko alijifunika kwa foronya aliyokuwa anadarizi, na kwa mguu akasogeza kiti chake taratibu, mbali.

Njiani wifi akaniuliza, "Nimekosea wapi? Nilimwona analia, ninyamaze?"

"Alimwambia Mama Duka, wifi. Hakukuambia wewe."

"Lakini niliona."

"Ulipaswa ujifanye hukuona."

Akasimama katikati ya barabara. "Huo si ndio uadui?" Kisha akasema, kama jambo dogo tu, "Bi Kicheko aliwahi kumwambia Mama Duka nina sauti ya punda. Nilicheka nikamwambia kwa midomo, ni kweli. Alikuwa ameshageuka, hakuona."

Siku ya pili nikaenda kwa Nesi peke yangu. Hakunikaribisha ndani, tuliongea getini.

"Mimi sina ugomvi naye," akasema. "Lakini watu hawapumui. Mtu amekaa anawachungulia midomo!"

"Ndiyo masikio yake hayo, dada yangu. Hana mengine."

"Basi aje." Alishakata shauri zamani, niliona. "Kuna kiti kile cha kona. Ageukie ukuta. Kudarizi si kunataka mikono?"

"Akigeukia ukuta hasikii kitu."

"Ndiyo maana nikasema ageukie ukuta."

Binti yake alipita nyuma yake na ndoo, kichwa chini. Nilikuwa na jibu la kumkata mtu ini, lakini nilipomwona yule mtoto nikalimeza. Nikaondoka nimeazimia wifi asijue kabisa. Tatizo ni kwamba jibu ulilolimeza halikai tumboni. Njia nzima nilikuja nalisema peke yangu, na ya Nesi nayarudia nambeza, mara ukuta, mara kiti. Kuinua macho, wifi yuko mlangoni kwetu ananitazama mdomo.

"Ukuta?" akauliza.

"Usiende. Nakuambia usiende."

Alikwenda. Jumamosi hiyo alipita sebuleni akasalimia kwa sauti aliyoibana mpaka ikawa ya kitoto, akaketi kwenye kiti cha kona, akatupa mgongo. Mbele yake palikuwa na rangi ya maziwa iliyobabuka na swichi ya taa. Nyuma yake mikono ikashuka kutoka midomoni, watu wakaanza kuongea, kwanza kidogo, kisha sana. Bi Kicheko akatoa kisa, sebule ikapasuka. Sijui ni sakafu iliyomwambia au kiti, wifi akacheka. Alicheka wenzake wameshanyamaza. Shingo ikaanza kugeuka, akaikumbuka, akairudisha kwenye sindano.

Nilinyanyua kiti changu nikakibana kati yake na ukuta, nikamwambia kwa midomo alichosema Bi Kicheko. Hakunisubiri nimalize.

"Rudi kule," akanong'ona. "Wataanza kukuogopa na wewe."

Nikarudi. Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka sasa, hakuna aliyebadilika. Binti wa Nesi hutuletea chai, kila mtu humpokea kwa jicho la pembeni, na wifi huwekewa kikombe chake sakafuni, karibu na mguu, bila kuguswa bega. Mara nyingi hukikuta kimepoa.

Juzi nilichoka. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, gauni tayari, nikamwambia, "Wifi, achana nao. Wale si watu. Ukuta hata hapa nyumbani upo, kaa uutazame bure."

Alinisoma mpaka mwisho. "Nikikaa hapa nikautazama," akasema, "nyuma yangu hakuna mtu."

Akanigeuzia mgongo nimfunge zipu. Nikamfunga, tukaenda.