Aliyezipanga Kurasa

Wasomaji wangu mnajua kunitoa jikoni kwangu ni kazi, hasa mvua ikinyesha hapa Tukuyu, yaani karibu kila siku. Habari ilinikuta huko huko, kikombe mkononi: dada mwenye duka la steshenari, aliyepanga kurasa za jarida letu la wakulima, amefariki kwao Kinyala baada ya kuugua. Nilihuzunika. Kisha nikapandwa na hasira, na hadi naandika haya haijashuka.

Jarida tulilitengeneza watu wanne: mwenyekiti wa kikundi chetu, ambaye ni mwalimu mstaafu; mpiga picha wa Kiwira; huyo dada; na mimi, bingwa wa kuandika habari za mashamba ambayo sijayakanyaga kwa kuogopa matope. Siku moja nilimpelekea makala ndefu ya mnyauko wa migomba. Akaisoma, akaniambia inageukia nyuma ya ukurasa. Nikamtania, kwani wasomaji hawana mikono ya kufunua? “Wanayo, kaka. Ndiyo wanayobandikia kurasa ukutani. Wakishabandika, nusu ya maneno yako yanasomwa na udongo.” Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akaona. Tangu hapo kila habari ilianza na kuisha ukurasa mmoja, kwa herufi ambazo bibi aliyekaa jikoni anaziona bila kuinuka. Makala yangu ilikatwa nusu, ikawa nzuri mara mbili. Nilinuna wiki nzima.

Kwa kurasa hizo tulishinda tuzo ya usanifu mkoani, mwaka uliofuata tukashinda tena. Majaji walisifu jambo hilo hilo. Mwenyekiti alikwenda kupokea, akarudi na vyeti viwili vyenye jina moja, lake. Akasema hayo ni mambo ya fomu tu, kazi ni ya pamoja. Tukapiga makofi, mimi kwa nguvu kuliko wote.

Baadaye dada aliomba kazi katika kiwanda cha uchapaji Mbeya, wakataka uthibitisho kwamba kurasa zile ni zake. Mwenyekiti akakataa kuandika barua. Eti hawezi kumtaja mtu mmoja, kazi ilikuwa ya pamoja. Dada akaja kwangu. “Kaka, wewe ulikuwepo. Kwenye kikao cha kikundi sema tu ulichokiona.” Nikaahidi. Siku ya kikao ikanyesha, nami nikabaki nyumbani na chai yangu, nikijiambia wenzangu watasema. Hakuna aliyesema. Kazi akapewa mwingine.

Makaburini mwenyekiti alieleza kuwa marehemu “alitusaidia mambo ya kompyuta.” Mama wa marehemu, niliyekuwa nimesimama naye bega kwa bega, akaniuliza polepole kama ile tuzo iliyotangazwa redioni mwanawe naye alikuwamo. Nikamwambia ilikuwa yake.

“Ndaga, mwanangu,” akanishukuru. Kisha akanitazama. “Mbona hukusema alipokuwa anasikia?”

Namlaumu mwenyekiti, tena sana, lakini yeye alichukua sifa mbele ya watu, na watu wenyewe ni sisi. Ninyi mnaofanya kazi kwa vikundi, akisimama mtu kuwaambia kwamba kazi ni ya pamoja, muulizeni papo hapo nani alifanya nini. Mtajeni mwenye kazi yake angali anaweza kugeuka akiitwa. Kumtaja baada ya hapo, kama ninavyofanya mimi hapa, ni kujiosha tu.