Sindano ya Meza ya Mwisho

Kwa miaka mingi Madame Huguette Tshibola alifundisha sumaku kwa chaki na maneno matupu, na wanafunzi walimwamini kwa sababu alikuwa Madame Huguette. Sasa shule ya parokia ilikuwa imepata dira mpya, zikatosha moja kwa kila meza ya maabara, na alitaka waone kwa macho yao. Weka dira juu ya karatasi, tia nukta pale sindano inapoelekea, isogeze, tia nukta nyingine, kisha unganisha. Mistari ya darasa zima ingeelekea kaskazini.

Ikaelekea kaskazini kweli, isipokuwa wa meza ya mwisho, karibu na ukuta. Huo ulipinda kuelekea dirishani.

"Madame, busole yetu iko inadanganya," alisema Princesse wa meza hiyo.

Huguette akawabadilishia dira. Mstari ukapinda vilevile. Akaamuru simu zote zitolewe nje. Akapapasa meza chini na juu: mbao na gundi tu, hata msumari hamna. Mwishowe akaiweka dira sakafuni, na sindano ikageuka zaidi. Akabaki amechuchumaa, pindo la sketi yake likigusa vumbi.

Princesse, ambaye kaka zake wote wanachimba madini, alikuwa na jibu tayari: shaba. "Batu, mi nabaambia, kuko matiere chini! Mukuba njo inavuta!"

"Leta chepe, Princesse!" mwenzake akadakia.

"Aanze kwanza na salon ya mama yake!"

Darasa likaangua kicheko, lakini habari ilikwisha kutoka mlangoni. Katika mji wa Kolwezi, ambamo watu wamevunja sakafu za sebule zao kutafuta kobalti, habari kama hiyo haihitaji kusukumwa. Asubuhi iliyofuata, wanafunzi wakiwa mezani, Prefe Ruffin, mkuu wa shule, aliingia maabara na mnunuzi wa madini aliyevaa buti. Nyuma yao walisimama vijana wenye sururu.

"Mama Huguette, kashimo kadogo tu," alisema Prefe. "Tukipata kitu, tutakujengea labo ingine, ya etaji." Akainua mkono kuonyesha ghorofa.

"Na mukikosa?"

"Tutaziba na sima, kama hii sakafu."

"Shimo gani ya Kolwezi uliona batu banaziba, Prefe?"

Mnunuzi alicheka, lakini hakutoka. Huguette akachukua kabatini jiwe la kijani la shaba, akaliweka kando ya dira kwenye meza ya mbele. Sindano haikutikisika. Akamwomba mnunuzi kipande cheusi cha kobalti alichokuwa akikichezea mkononi, akakisogeza pia. Sindano ilitulia.

"Mukuba haivute. Na hii yako haivute. Sasa munataka kuchimba nini?"

"Njo utuambie, Mama," alisema Prefe. "Iko nini chini?"

Tangu alipochuchumaa jana alijua kinachovuta sindano, na tangu hapo aliomba awe amekosea. Sakafu hiyo ya saruji ilimwagwa na marehemu mume wake, Donatien Muamba, fundi wa ujenzi wa kampuni ya migodi. Aliijengea parokia maabara bila kudai kitu. Mwaka huohuo, reli za njia ya treni iliyoachwa upande wa Mutshatsha zilikuwa zikitoweka, na watu walitaja majina ya wezi. La Muamba lilitajwa kwa sauti ya chini, kisha likaachwa. Kwa familia ambayo babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na ambayo bado iliitwa ya wageni, kuitwa wezi hapa kulikuwa na uzito mwingine kabisa. Huguette alimuuliza mume wake mara moja tu alichoweka chini ya sakafu. "Chini ni mawe na sima, mama," alimjibu, akaendelea kula.

"Ni vyuma vya kawaida vya zege," Huguette akamwambia Prefe.

"Ile inakuwaka chini ya sakafu yote," alisema mnunuzi. "Juu ya nini busole inageuka kwenye meza moja tu?"

Hakuwa mjinga. Akawapungia mkono vijana, nao wakainua sururu.

"Ngojeni!" Huguette akampa Princesse chaki, meza zikasogezwa, na wanafunzi wakaanza kutambaa sakafuni na dira zao, wakitia alama kila sindano ilipoyumba. Polepole mistari miwili ikajitokeza, imenyooka, imeenda sambamba kutoka ukutani hadi katikati ya chumba.

Mnunuzi aliitazama, akapoteza hamu palepale. "Reli. Mi sinunue chuma." Akatoka na vijana wake.

Prefe hakutoka. "Tata Donatien njo alimwaga hii sima."

"Ndiyo. Ni yeye."

"Alizitosha wapi, hizi reli?"

"Sijui zilitoka wapi, Prefe."

Na kweli hakujua. Kampuni iliwahi kuigawia parokia vyuma vikuukuu, hilo kila mtu alilijua. Lakini kama reli hizi zilitolewa kwa haki, kwa nini Donatien alisema mawe? Na kama aliziiba, ilikuwaje mtu ambaye hakuwahi kuleta nyumbani hata mfuko mmoja wa saruji wa kazini aibe kwa ajili ya watoto wa wengine? Kila wazo lilimrudisha pale alipoanzia.

"Chuma walichogawa walikipiga alama," Prefe alisema taratibu. "Mama, tufungue kidogo, pale pembeni tu. Tukiiona alama, jina la Tata Donatien litakuwa safi."

Huguette alitamani kusema ndiyo. Mdomo ukafunguka. Aliitazama mistari ya chaki, akamwona Donatien pale mezani anakula, na hakuweza kusoma uso wake.

"Hapana," akasema. "Labo haivunjwe."

Prefe akainamisha kichwa, akaondoka. Wanafunzi walirudisha meza, ila Princesse alibaki amepiga magoti, kalamu mkononi.

"Madame, kwenye meza ya mwisho tuandike nini?"

"Andikeni: chini kuna chuma."

"Chuma ya nani?"

"Andika chuma, Princesse."