Chupa ya Dirishani

Mimi si mtu wa kukaa mji mmoja. Nimeishi Tunduma, Kigoma na Mwanza, nimeuza simu, nimeendesha bodaboda, na kila mahali niliondoka kabla sijazoeleka. Lakini kila ninapochoka narudi Dar. Nashuka Posta, nakata Mnazi Mmoja kwa miguu hadi Mchafukoge, kwenye ghorofa ambalo baba mkubwa alinilea baada ya baba yangu kufariki. Nyumba za jirani zimevunjwa na kujengwa za vioo. Letu limebaki, na chini yake lipo duka lake la vitambaa, na mbele ya duka lipo lile benchi la mbao ambapo tulikuwa tukifukuzwa tukiwa wadogo.

Safari moja nilimkuta kwenye benchi hilo amevaa kandambili. Hilo lilinishtua kuliko kikohozi chake. Tangu nipate akili nilimjua na makubadhi ya ngozi, ameyapaka mafuta mwenyewe. Sasa hayakumwingia. Miguu ilikuwa imevimba, na mama mkubwa alipoibonyeza ili anionyeshe, alama ya kidole ilibaki kama kwenye unga uliokandwa.

Akanieleza kwamba moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, na maji yanajaa mwilini. Daktari ametoa vidonge na amesema maji yasizidi chupa moja kubwa kwa siku. Chupa yenyewe ilikuwa dirishani jikoni. Mama mkubwa aliijaza kila asubuhi, na kila jioni kulikuwa na maji yamebaki. Baba mkubwa aliniita nikayaone hayo mabaki. Mtu aliyepima vitambaa maisha yake yote hakuwa na shida na kipimo. Lakini miguu haikupungua, usiku alilala ameketi, na mama mkubwa alikuwa ameanza kuvishuku vidonge.

Pale benchini, baada ya swala ya alasiri, anapita muuza kahawa na dele lake, birika la shaba, akigonganisha vikombe. Kwetu anayekuja kuketi hununuliwa kahawa na aliyetangulia kuketi, na huyo hamwachi mgeni anywe peke yake. Kwa kuwa benchi ni la baba mkubwa, yeye ndiye anayekutwa siku zote. Basi alikunywa na wa kwanza, akanywa na wa pili, na hivyo hadi adhana ya magharibi. Hapo ni baada ya chai ya maziwa ya asubuhi, supu ya saa nne na juisi ya ukwaju ya mchana. Nilikunywa naye siku nzima na sikuona kosa lolote. Rafiki yake mmoja, fundi saa, alimtania mbele yangu: "Umeharamishiwa maji, mzee. Kahawa ni halali yako." Wote walicheka. Walikuwa wanaamini kwamba kahawa inakausha mwili, na kitu kinachokausha hakiwezi kuwa maji.

Nilimsindikiza kliniki. Daktari alikuwa binti wa rika la wajukuu zake. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza maji anakunywa kiasi gani.

"Chupa moja, na siimalizi."

"Na chai?"

"Chai ni chai, daktari."

Binti hakucheka. Alivuta kiti karibu akaeleza taratibu kwamba chai ni maji, kahawa ni maji, supu, uji na juisi vyote ni maji. Alisema mtu mzima mwenye afya akinywa chai yake, mwili unaihesabu kwenye maji ya siku, na haya mambo ya kukausha watu wanayakuza tu. Na mwili wa baba mkubwa nao unahesabu vilevile, ila moyo wake hauna nguvu ya kuyabeba. Chupa moja ilikuwa na maana ya vyote vinavyonywewa.

Tulipofika Mnazi Mmoja, njiani kurudi, baba mkubwa aliomba tupumzike, akaketi akitazama wapita njia. "Kwa hiyo ni benchi au maji," alisema.

Mama mkubwa ndiye aliyepata njia. Kila baba mkubwa alipokunywa kikombe, cha chai au cha kahawa, yeye alikijaza kikombe hichohicho kutoka kwenye chupa ya dirishani na kumwagia mrehani wake. Yaliyobaki kwenye chupa ndiyo baba mkubwa aliyoruhusiwa kunywa. Alipunguza wageni wa kunywa nao, akazoea kikombe kimoja alichokishika hadi kikapoa. Uvimbe ulianza kushuka.

Kisha yule fundi saa akafa. Tulimzika mchana, na waliotoka makaburini walikuja kuketi pale alipokuwa akiketi. Walikuja wengi, wengine hatujawaona miaka. Baba mkubwa hakumwacha hata mmoja anywe peke yake. Mama mkubwa alikuwa juu, anatazama kutoka dirishani, na kila nilipompandishia kikombe kitupu alikijaza akamwagia mrehani. Watu walipoondoka kwenda kuswali, chupa ilikuwa tupu.

Baba mkubwa alipanda ngazi kwa kupumzika kila hatua. Joto lilikuwa kali, umeme umekatika. Aliketi akaomba maji.

Lazima nieleze jambo moja. Mlangoni mwa duka kuna ndoo yenye bomba na kikombe cha bati, ya wapita njia. Mama mkubwa huijaza kila alfajiri, ni sadaka aliyoirithi kwa mama yake. Mchukuzi, mlevi, mwizi anayekimbizwa, wote hunywa, na tulifundishwa kutomuuliza mtu chochote anapokunywa. Sijawahi kumsikia akimnyima mtu maji.

"Yako yameisha, mume wangu," alisema.

Baba mkubwa aliinamisha kichwa. "Nilowanishe mdomo tu."

Mama mkubwa alimletea maji kidogo na bakuli. Akasukutua kama anavyotia udhu akiwa na funga, akatema, akasukutua tena. Mama mkubwa alikuwa akimtazama koo, kama limemeza. Halikumeza. Alipomaliza, mama mkubwa alimfuta mdomo, akayamwaga maji ya bakuli, akarudi kuketi kando yake. Nilimsogezea mama mkubwa glasi yake mwenyewe, akaisukuma mbali kwa kidole. Naye hakunywa usiku ule.

Nimeshaondoka tena. Baba mkubwa yupo, na amerudia kuvaa makubadhi. Popote nilipo, jioni napiga simu, na baada ya shikamoo nauliza chupa imefika wapi. Mara nyingi mama mkubwa anajibu iko nusu. Juzi alijibu, "Leo tulikuwa na wageni."

Nilikuwa hotelini, chai iko mbele yangu. Niliiacha hadi ikapoa.